Unataka kusoma wadudu chuo kikuu? Anzia hapa hapa Tanga (mwongozo kamili)

Wadogo zangu, matokeo ya fomu siksi yakishatoka tu simu yangu haipumziki, wengi ni wa huku huku kwetu, Muheza, Pongwe, Maramba, mmoja alinipigia yuko Pangani kivukoni kelele za injini hata hatusikilizani, na swali ni lile lile, kaka nataka kusoma mambo ya wadudu niombe kozi gani. Nimeona bora niandike yote mara moja, kwa kirefu, mtu akiniuliza namtumia.

Nianze na jibu ambalo wengi hawalitegemei: jina la kozi sio ishu kubwa. Nimefanya kazi na watu waliosoma zuolojia, wengine kilimo, wengine udaktari wa mifugo, wengine afya ya mazingira, wote tunashika wadudu hao hao na hamna anayemuuliza mwenzie cheti chako kimeandikwaje. Kinachotutofautisha ni kwamba yupo anayeweza kumwangalia mdudu akakwambia huyu ni nani, alimpata wapi, tarehe ngapi, saa ngapi, akiwa anafanya nini, na yupo asiyeweza. Huyo wa pili hata awe na GPA ya kutisha data zake haziaminiki. Na hiki kitu unaweza kuanza kujifunza leo ukiwa nyumbani kwenu, bila chuo na bila mkopo, ndio maana mwongozo wangu hauanzi na chuo.

ANZA NA MBU WA NYUMBANI KWENU

Miezi ile ya kusubiri matokeo na kusubiri chuo kufunguliwa watu wengi wanaipoteza. We tafuta kopo jeupe, hata la rangi lililooshwa vizuri, weupe ni muhimu maana ndio unaowaonyesha viluwiluwi, yani watoto wa mbu wanaoishi majini. Zunguka mtaani kwenu utafute maji yaliyotuama. Ukifika usiangushie kivuli chako kwenye maji na usikoroge, wale wakihisi tu mtikisiko wanazama, subiri kidogo watapanda wenyewe kuvuta hewa, hapo ndo unachota taratibu.

Sasa angalia wamelalaje. Wakilala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea hao ni Anopheles, mbu wa malaria, wao hawana mrija wa kupumulia. Wakining'inia kichwa chini kwa mshazari, mrija ndo umegusa juu, hao ni Culex au Aedes. Alafu angalia ulipowachota maana mahali nako kunaongea. Karo la choo na mitaro michafu ndo kwa Culex quinquefasciatus, huyu anayetupigia kelele usiku mzima na ndiye mmoja wa wanaoeneza matende na mabusha huku pwani. Vifuu vya nazi, matairi, ndoo na vyungu vya maua ni kwa Aedes aegypti, mweusi ana madoa meupe miguuni, anauma mchana, huyo ndo wa dengue. Vidimbwi vya mvua vinavyopigwa jua, alama za kwato za ng'ombe zilizojaa maji, hapo utakuta ukoo wa Anopheles gambiae. Na sisi wa pwani tuna bahati nyingine, kwenye madimbwi ya maji ya chumvi chumvi karibu na mikoko yupo Anopheles merus, ndugu yake gambiae anayevumilia chumvi, mtu wa Dodoma huyo anamsoma tu kwenye makaratasi.

Chukua wachache uwaweke kwenye chupa pana na maji yale yale uliyowatoa, funika na kitambaa cha neti, funga na mpira vizuri kabisa. Ndani ya siku chache watakuwa pupa, wale wanaofanana na alama ya koma, kisha watatoka mbu kamili. Angalia anavyotua ukutani mwa chupa, Anopheles anabinua mkia juu, Culex analala sambamba na ukuta. Angalia vipapasio, dume vyake vimechanua kama manyoya na jike vina vinywele vichache tu. Kisha angalia vile vipande viwili vya pembeni ya domo: kwa jike wa Anopheles vina urefu sawa na domo lenyewe, kwa jike wa Culex ni vifupi sana. Ukishaviona hivi vitu kwa macho yako na lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, mwaka wa kwanza maabara hutashangaa.

Ukimaliza usiwaachie! Weka chupa nzima kwenye friza mpaka wafe. Nasisitiza kwa sababu nimeshaona mtu anafungua dirisha anawaruhusu, yani umefuga mbu wa malaria alafu unawagawia majirani.

DAFTARI, PENSELI NA LEBO

Hapa nitakaa sana maana hapa ndo niliumia.

Nilipokuwa mwaka wa pili nilirudi likizo nikakusanya mbawakawa na vipepeo miezi miwili nzima, nikitoka asubuhi na wavu narudi jioni, nikajaza makasha matatu. Niliyaweka juu ya kabati nyumbani. Masika yakaingia, na mnajua unyevu wa huku kwetu ulivyo, nguo tu kabatini zinaota ukungu. Niliporudi likizo iliyofuata makasha mawili yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe na la tatu sisimizi walishakula matumbo yote yamebaki mabawa. Vichupa vya spiriti vilikuwa salama lakini lebo nilikuwa nimeandika kwa peni ya kawaida, wino wote ulikuwa umeyeyuka umebaki mwekundu mwekundu kwenye maji. Wadudu zaidi ya mia moja na hamna hata mmoja ninayeweza kusema alitoka wapi. Nililia kwa kweli. Msimamizi wangu aliponiambia nivitupe nilikataa mwezi mzima, mwisho nikavitupa kweli, maana mdudu asiye na lebo hawezi kumsaidia mtu yeyote.

Kwa hiyo fanya hivi. Lebo ya ndani ya kichupa andika kwa PENSELI, kwenye karatasi nzuri ngumu, iingie ndani ya spiriti pamoja na mdudu, usibandike nje peke yake maana ya nje inabanduka. Iandikwe nchi, mkoa, wilaya, kijiji, tarehe na mwezi na mwaka, namna ulivyomkamata (wavu, taa, mtego, mkono), na jina lako. Simu zetu zote siku hizi zina GPS, weka na namba za ramani. Mwezi andika kwa herufi za Kirumi, mfano 4.v.2024, ili asitokee mtu akasoma tarehe 5 mwezi wa 4. Kwenye daftari ndo unaandika marefu: alikuwa kwenye mti gani, jua au mawingu, saa ngapi, alikuwa anakula nini. Usiseme nitaandika nikifika nyumbani. Hutakumbuka.

Ethanoli asilimia 70 inatosha kwa wadudu wengi wa mwili laini unaotaka kuwaangalia kwa umbo, ila kama unafikiria vipimo vya DNA baadae tumia asilimia 95 au zaidi. Mbu wazima usiwaloweshe, magamba ya mabawa yanatoka na utambuzi wote uko kwenye magamba hayo, wakaushe kwenye kichupa kidogo chenye silika jeli (vile vipunje vya kunyonya unyevu) na pamba kidogo katikati. Vipepeo weka kwenye bahasha ya karatasi ya pembe tatu, mbawa zimefungwa, mpaka utakapopata nafasi ya kuwatandaza.

Pini: mbawakawa anachomwa kwenye bawa gumu la KULIA, sio katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Kunguni na jamaa zake wanachomwa kwenye ile pembetatu ya mgongoni, kulia kidogo. Kipepeo katikati ya kifua. Mdudu mdogo sana usimchome kabisa, gundisha kwenye ncha ya kikaratasi cha pembetatu alafu pini ipite kwenye kikaratasi. Tumia pini za wadudu zenyewe, pini za cherehani zinapata kutu haraka sana na hewa yetu ya bahari.

Na makasha, kwa sababu ya hali ya hewa ya pwani: kausha wadudu kabisa kabla ya kufunga, weka silika jeli ndani na uikaushe jikoni kila inapobadilika rangi, miguu ya meza isimame ndani ya vikopo vyenye mafuta kidogo sisimizi wasipande, na kila kasha jipya lilale kwenye friza siku kadhaa kwanza kuua vijidudu vinavyokula mikusanyo.

UNATAKA WADUDU WA UPANDE GANI?

Hili swali ukilijibu mapema litakusaidia kuchagua kozi, fildi, mpaka kazi. Na sisi watu wa Tanga tumekaa juu ya hazina ambayo wenzetu wanaifuata kwa ndege. Kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara Mashariki kilianzishwa na Wajerumani 1902, baadae ikawa ndio nyumba ya utafiti wa malaria kwa Afrika Mashariki nzima, na mpaka leo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo chao cha Amani, shughuli zake nyingi ziko Muheza. Ule ufunguo (kitabu cha kukuongoza hatua kwa hatua) wa kutambua Anopheles wa kusini mwa Sahara uliotolewa 1987 na Gillies na Coetzee, ambao hata wewe utaushika chuo, huyo Gillies alifanya kazi miaka mingi Amani na Muheza, yani sehemu ya elimu iliyomo mule imetoka kwa mbu wa vijiji vyetu.

Upande wa mifugo ndo sitaki mtu wa Tanga asijue. Mbung'o wa Unguja, Glossina austeni, yule nzi mnyonya damu anayeeneza nagana kwa ng'ombe, alitokomezwa kwa madume waliofugwa hapa hapa Tanga mjini, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o ambayo sasa iko chini ya TVLA, wakala wa maabara za mifugo. Walikuwa wanafugwa kwa maelfu, wanapigwa mionzi wawe tasa, kisha wanamwagwa na ndege ndogo juu ya kisiwa. Kuanzia 1994 mpaka 1997 walimwagwa zaidi ya milioni 8, na mbung'o wa mwisho wa porini alionekana Septemba 1996. Kwa nini ilifanikiwa? Kwa sababu mbung'o jike hatagi mayai mia kama nzi wa kawaida, anazaa funza mmoja mmoja, kama kila siku 9 au 10 hivi, na kwa kawaida anapandwa mara moja tu au chache maishani, kwa hiyo akikutana na dume tasa ndio basi tena. Kisiwa nacho kilisaidia, hamna wengine wa kuingia kutoka jirani. Utaona hapo kwamba aliyefanikiwa ni yule aliyeujua uzazi wa mdudu kwanza.

Kilimo. Muheza ni machungwa, na nzi wa matunda Bactrocera dorsalis aligunduliwa kwetu 2003, asili yake Asia, jike anatoboa tunda anataga chini ya ganda, funza wakikomaa wanajitupa chini wanaingia kwenye udongo. Ndo maana mkulima akipulizia dawa juu ya mti na matunda yaliyooza kayaacha chini kazi bure. Katani ina fukusi wake, mahindi ya ghalani yana dumuzi, hata kama shamba lenu ni dogo maswali yamejaa.

Ila mimi ukiniuliza napenda minazi. Mnazi una chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe kama kifaru, anatoboa kwenye kilele na majani yakifunguka unayaona yamekatwa kama mkasi, watoto wake wanakulia kwenye magogo ya minazi yaliyooza na samadi. Alafu kuna kunguni wa nazi, Pseudotheraptus wayi, anafyonza nazi changa zinadondoka zikiwa na makovu yenye utomvu, na babu zetu walikuwa wanasema mnazi wenye maji moto hauna shida. Walikuwa sahihi! Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, Oecophylla longinoda, wanamfukuza huyo kunguni, utafiti ulifanyika pwani yetu na Zanzibar ukathibitisha, na ukaonyesha pia kwamba kuna sisimizi wadogo wa ardhini, Pheidole megacephala, wanaowazuia maji moto wasipande mnazi. Kwa hiyo kumlinda mnazi inabidi umjue kunguni, umjue maji moto na umjue adui wa maji moto. Watu wa Bagamoyo na nyie mnayo haya haya, minazi yenu na mikorosho yenu, na maji moto yupo kwenye mikorosho pia anapambana na mbu wa mikorosho, ambaye jina tu ni mbu ila ni jamaa wa kunguni.

Upande wa uhifadhi na ufugaji kuna nyuki, wakiwemo nyuki wadogo wasiouma, na kuna vipepeo, kule Amani wanakijiji wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi. Ukiingia upande huu soma na sheria, maana mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama hai nje ulipigwa marufuku na wafugaji wa vipepeo nao wakaguswa.

KUOMBA CHUO

Hii sehemu fupi tu. Kombi zinazokubeba ni zenye Baiolojia na Kemia: PCB, CBG, na CBA kwa wa kilimo. Kiwango cha chini cha TCU kwa jumla ni prinsipo mbili zenye pointi 4, ukihesabu A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, lakini kila kozi ina masharti yake na ushindani wake, kwa hiyo pakua mwongozo wa TCU wa mwaka WAKO, sio wa kaka yako.

Usitafute kozi ya digrii ya kwanza iliyoandikwa entomolojia (elimu ya wadudu) ukakata tamaa ukiikosa. Afya: angalia afya ya mazingira MUHAS (chuo cha afya cha Muhimbili), au zuolojia UDSM. Kilimo: agronomia au hotikalcha SUA, chuo cha kilimo cha Morogoro. Mifugo: udaktari wa mifugo, SUA pia. Nyuki: UDSM wanayo kozi ya ufugaji nyuki. Kabla hujajaza, ingia tovuti ya chuo uone orodha ya masomo ya kila mwaka, hesabu yako mangapi yana wadudu, parasitolojia (elimu ya vimelea), ikolojia na takwimu. Kama hamna takwimu kabisa mi ningeiweka chaguo la tatu. Maombi ya mkopo HESLB yanaenda sambamba, vyeti vya kuzaliwa na uthibitisho wa RITA anza mapema, huko ndo watu wengi wanakwama.

DARASANI

Mwaka wa kwanza hutaona wadudu wengi, utaona kemia na baiolojia ya jumla na mbinu za mawasiliano, watu wanakata tamaa wanasema mbona sio nilichofuata. Vumilia na usipate sapu kwenye kemia. Dawa za kuua wadudu ni kemia tupu, bila kujua pairethroidi (kundi moja la dawa hizo) inafanya nini kwenye mshipa wa fahamu wa mbu hutaelewa usugu, yani wadudu kutokufa tena kwa dawa, unatokea vipi.

Majina ya oda (makundi makubwa ya wadudu) utayakariri, na njia nzuri ni kuelewa maana zake maana mengi yanaishia na neno la Kigiriki la bawa. Diptera mabawa mawili, ndo nzi na mbu. Coleoptera mabawa yenye ala, mbawakawa. Lepidoptera mabawa ya magamba, vipepeo na nondo. Hymenoptera mabawa ya utando, nyuki, nyigu na sisimizi. Mkiwa bwenini mtu akishika mdudu shindaneni kumtaja.

Ufunguo wa utambuzi ndo kitu kinachotoa jasho. Unapewa sentensi mbili zinazopingana, unachagua moja, inakupeleka namba nyingine, hivyo hivyo mpaka jina. Ushauri wangu: soma ZOTE mbili kabla ya kuchagua hata kama ya kwanza inaonekana sawa. Ukifika mahali huna uhakika andika namba ile pembeni, fuata njia moja mpaka mwisho, kisha rudi ufuate ya pili, utaona ipi inafika kwenye mdudu asiyefanana kabisa na wako. Na usianze na mdudu usiyemjua, anza na yule ambaye mwalimu kakutajia jina, upite njia nzima ujifunze ufunguo unaongeaje. Ukifika kwa ukoo wa gambiae utakwama na sio kosa lako, gambiae na arabiensis hawatofautishwi kwa maikroskopu, hapo ni PCR tu, yani kipimo cha DNA.

Takwimu na programu ya R anza mwaka wa pili usisubiri utafiti. Ni ya bure, laptopu ya kawaida inaiendesha.

FILDI

Barua ya fildi usipeleke wiki mbili kabla, peleka miezi mitatu minne kabla, maana sehemu nzuri zinajaa. Kwa afya kuna NIMR Amani pale Muheza, na Bagamoyo kuna tawi la Taasisi ya Afya Ifakara ambako vyandarua na dawa za mbu zinapimwa. Kwa mbung'o TVLA Tanga. Katani na udongo TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo. Kwenye barua usiandike tu naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, andika unaweza kufanya nini: nimekusanya viluwiluwi mtaa fulani, natofautisha Anopheles na Culex, natumia R kidogo, ambatisha na picha ya kasha lako. Watu wanaopokea barua mia zinazofanana wataikumbuka yako.

Ukikubaliwa kazi ya mwanzo itakuwa ya kuchosha, utapanga mbu kwenye sahani, utalisha viluwiluwi chakula cha samaki, utabadilisha pamba za maji ya sukari asilimia 10, utaosha trei. Ifanye kwa moyo. Kufuga mbu kunataka joto la 27 hivi na unyevu wa asilimia 70 mpaka 80 bila kuyumba, siku moja umeme ukikatika na wewe ndo umegundua mapema unaokoa kizazi kizima.

Ukienda kijijini, pita kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, jitambulishe, eleza kwa Kiswahili cha kawaida. Usiingie nyumba ya mtu kutega mtego bila mwenye nyumba kukubali. Msitu wa Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997 na iko chini ya TFS (wakala wa misitu), ukusanyaji mule ni kwa kibali tu hata kama kwenu ni hapo nje ya geti. Na utafiti wowote unaohusu binadamu, ikiwemo mtu kukaa usiku anakamata mbu wanaotua mguuni kwake, unahitaji kibali cha maadili na kinga ya malaria, usikubali kufanywa hivyo kienyeji na mtu yeyote.

UTAFITI WA MWAKA WA MWISHO

Kosa la wengi ni swali kubwa. "Malaria mkoani Tanga" sio swali. Chukua kitu unachoweza kukihesabu peke yako kwa miezi michache. Nitoe mfano wa usugu wa dawa maana wengi wanaufanya na wengi wanaukosea.

Unakusanya viluwiluwi wa Anopheles sehemu moja, kutoka madimbwi mengi tofauti ili wasiwe watoto wa mama mmoja, unawakuza. Majike wa siku 3 mpaka 5 ambao hawajanyonya damu unawaingiza kwenye mirija yenye karatasi ya dawa, 25 kwa kila mrija, mirija minne, jumla 100. Mirija mingine miwili, 50, inakuwa na karatasi isiyo na dawa, hao ndo wa kulinganisha. Wanakaa saa moja, unawahamishia mirija safi, unawapa sukari, unahesabu waliokufa baada ya saa 24.

Kwa vipimo vya WHO wakifa asilimia 98 mpaka 100 dawa bado inawaweza, 90 mpaka 97 kuna dalili za usugu zinazohitaji kuthibitishwa, chini ya 90 usugu upo. Sasa tuseme kwako wamekufa 90 kati ya 100, na wale wa kulinganisha wamekufa 4 kati ya 50, yani asilimia 8. Wengi wanaandika 90 wanaendelea. Hapana. Wale 4 wamekufa bila dawa kwa hiyo hata kwenye 90 wamo waliokufa kwa sababu nyingine. Unatumia kanuni ya Abbott: 90 toa 8 ni 82, gawanya kwa 100 toa 8 yani 92, unapata asilimia 89.1. Umevuka mstari, hitimisho lako limebadilika kutoka "dalili" kuwa "usugu". Kama wa kulinganisha wangekufa zaidi ya asilimia 20, unatupa jaribio zima unaanza upya, na unaandika kwenye daftari kwamba ulilitupa na kwa nini. Usilifiche.

Baada ya kipimo usitupe mbu. Waliokufa kichupa chao, waliopona kichupa chao, silika jeli, lebo ya penseli. Miaka miwili baadae mtu anaweza kutaka kuwapima jeni za usugu na wewe ndo utakuwa nao.

UKISHAMALIZA

Shahada ya pili ndo sehemu ambayo sasa neno entomolojia linaandikwa kwenye cheti. MUHAS wana idara ya parasitolojia na entomolojia ya tiba, chuo cha KCMC Moshi nao wanafundisha ngazi hiyo, na nje kuna icipe Nairobi, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo, ina ufadhili kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi za Afrika, kampasi yao inaitwa Duduville. Usiombe ukiwa na cheti tu, andikia mtafiti ambaye umesoma kazi yake na umwambie kitu kimoja mahsusi ulichokiona kwenye wadudu wako.

Kazi zipo za miradi, mikataba ya mwaka au miwili, nawaambia ukweli sio za kudumu mwanzoni, na nyingi zinaanza kwa kujitolea. Wazazi watauliza, mwanangu umesoma miaka yote hiyo ushike mbu? Mama yangu aliuliza. Nilimpeleka karo la nyuma ya nyumba na kopo jeupe nikamuonyesha viluwiluwi wa Culex nikamwambia hawa ndo waliompa babu ule mguu, tukaziba lile karo siku hiyo hiyo.

Usaili wa kwanza niliofanya hawakuniuliza maswali mengi. Walinipa sahani yenye mbu 20, maikroskopu, na nusu saa. Nilipata 18 sawa, wawili niliandika "magamba yametoka, siwezi kutambua", na hao wawili ndo tuliowajadili muda mrefu zaidi, wakaniuliza kwa nini sikukisia.